Kilomita 10 na dakika 58 zisizoshuka: je, nimefikia mwisho wangu?

*"Kocha, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 37, kilo 68, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nina miaka mitatu kwenye klabu ya jogging ya mtaani kwetu. Muda wangu bora wa kilomita 10 ni dakika 58 na sekunde 20, niliupata Julai mwaka jana. Tangu hapo nimeshiriki mbio nne, Septemba, Novemba, Februari na Machi, na zote nimeishia 59, 60, hata 61. Mpaka kilomita ya nne huwa naenda vizuri, nashika 5:15 kwa kilomita. Kuanzia ya sita miguu inakataa, pumzi inapanda, na wote niliowapita wananipita. Wenzangu wanasema ni asidi imejaa miguuni, wengine wanasema nimegonga ukuta, ninywe glukosi na ninunue jeli za wanga za wakimbiaji. Kuna aliyenishauri nimeze diklofenaki mbili kabla ya mbio ili maumivu yasinisumbue. Mazoezi nafanya siku tano kwa wiki, kilomita 6 kila siku kabla ya kazi, na kila siku najitahidi niishinde jana. Mbio za Machi saa yangu ilisema nimemaliza kilomita 10 kwa 58:05, lakini mstari ulikuwa bado uko mbele, matokeo yakatoka 59:10. Je, tuliongezewa njia? Na jingine: siku zangu za mwezi natoka damu nyingi, sijui kama inahusika. Nina mbio mwishoni mwa Juni, zimebaki wiki kumi. Nataka kushuka chini ya 55. Inawezekana, au nimefikia mwisho wangu?"*

Dada, umeuliza mambo mengi lakini yote yanarudi kwenye moja: unajituma kuliko mwaka jana, na saa inakwambia umepungua. Jambo hilo linavunja moyo, na watu wengi wa klabu za jogging huacha mbio hapo hapo.

Hujafikia mwisho wako. Mtu anayekimbia kilomita 30 kwa wiki, zote kwa mwendo mmoja, hana namna ya kujua mwisho wake uko wapi. Ila 55 ndani ya wiki kumi sikuahidi. Ninachokiona kwenye maelezo yako ni 57, na hata hiyo ina masharti.

Nianze na ule mstari uliokukimbia mwezi Machi, maana naona ndio unaokuuma. Njia ya mbio inayopimwa kwa taratibu za Shirikisho la Riadha la Dunia haipimwi kwa saa ya mkononi wala kwa mita ya gari. Inapimwa kwa baiskeli yenye kifaa kidogo cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu la mbele, kinachoitwa kaunta ya Jones. Kabla ya kazi, baiskeli hiyo hulinganishwa na kipande cha barabara kilichopimwa kwa tepu ya chuma. Mpimaji hupita njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaweza kuipita kihalali, na kwenye kona hukaa sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Mwishoni huongezwa moja kwa elfu ili njia isije ikawa pungufu. Kwa hiyo kilomita 10 zilizopimwa vizuri huwekwa kama mita 10,010.

Wewe hukupita njia ya mpimaji, na hakuna anayeipita kwenye umati. Ulizunguka watu, ulikata kushoto kufuata meza ya maji, ulichukua kona kwa nje kwa sababu ndani kumejaa. Sekunde 65 kwa mwendo uliokuwa nao mwishoni ni kama mita 170. Kumi kati ya hizo ni za kanuni. Zilizobaki, kama njia ilikuwa sahihi, ni mchanganyiko wa hatua ulizojiongezea na makosa ya saa, ambayo husoma ovyo zaidi ukipita katikati ya majengo marefu kama ya Posta. Ziada ya asilimia moja na zaidi kwenye saa ni jambo la kila Jumapili. Kwa hiyo hapana, sioni ushahidi kwamba mliongezewa njia. Unachoweza kufanya ni kujifunza kukata kona: kabla hujafika kwenye kona inayofuata, anza mapema kusogea upande wake kwa mstari ulionyooka.

Lakini geuza swali. Mbio nyingi za mitaani kwetu, zikiwemo zenye medali nzuri na fulana nzuri, hazijapimwa na mpimaji mwenye cheti. Nyingine ni mita 9,700, nyingine ni 10,400. Nenda kwenye kumbukumbu za saa yako uangalie ya Julai mwaka jana ilisoma ngapi ulipovuka mstari. Ikiwa ilisoma 10.08 au 10.12, ile 58:20 ni yako halali. Ikiwa ilisoma 9.80, basi siku ile hukukimbia kilomita 10, na kwa miezi tisa umekuwa ukifukuza muda ambao hukuwahi kuukimbia. Sikuambii hivi kukukatisha tamaa. Nakuambia kwa sababu wenye tatizo hili ni wengi na hawataki kuangalia. Kabla ya kulipia mbio za Juni, muulize mwandaaji swali moja: njia imepimwa na nani? Uulize pia kama kuna mkeka wa kusoma chipu, kile kifaa kidogo cha kupima muda anachovaa mkimbiaji, pale mnapoanzia. Kama mkeka uko mwisho tu, muda wako unahesabiwa tangu honi inapolia, na ukiwa nyuma ya watu elfu moja unaweza kupoteza dakika nzima kabla hujavuka mstari wa kuanzia.

Sasa hili la kurudi nyuma. Soma tena miezi uliyoniandikia: Julai ulikimbia vizuri, halafu Septemba, Novemba, Februari na Machi ukapungua. Alfajiri ya Julai Dar hushuka hadi nyuzi 19 hivi, na kusi inavuma. Alfajiri ya Februari ni nyuzi 24 au 25, hewa imesimama, na nguo imelowa hata kabla hujaanza. Umelinganisha vitu viwili visivyolingana.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Unapokimbia, sehemu kubwa ya nishati unayochoma, takribani robo tatu au zaidi, haikusogezi mbele hata hatua moja. Inageuka joto. Joto hilo linapaswa kutoka, na njia kuu ya kutoka ni jasho kukauka juu ya ngozi. Sikiliza neno kukauka: jasho linalodondoka chini halijakupoza, limekupotezea maji tu. Hewa ya pwani ikishajaa unyevu haipokei tena jasho lako, kwa hiyo joto linabaki ndani. Mwili unajitetea kwa kupeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi, na damu hiyo inatoka kwenye fungu la miguu. Moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule. Mwendo wa 5:50 wa Julai na 5:50 wa Februari ni kazi mbili tofauti kabisa, ingawa saa inaziandika sawa. Kuzaliwa Dar kunakusaidia, kwa maana mwili wako umezoea kutoa jasho mapema na kwa wingi. Hakukuondolei hesabu hiyo.

Kwa hiyo linganisha Julai na Julai, Februari na Februari. Nina hakika ya kutosha kwamba ile 59:10 ya Machi ni kazi bora kuliko 58:20 ya Julai, na hukuipa heshima yake.

Tuje kilomita ya sita. Wenzako wamekupa maelezo mawili, asidi na ukuta, na yote mawili hayafai hapa.

Ukuta ni kitu halisi, ila ni wa marathoni. Unatokea wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, yaani glaikojeni, unapokaribia kwisha. Mtu aliyekula vizuri hubeba gramu 400 hadi 500 za wanga huo, sawa na kilokalori 1,600 hadi 2,000. Kukimbia hugharimu takribani kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Piga hesabu yako: kilo 68 mara kilomita 10 ni kilokalori 680. Unavuka mstari na zaidi ya nusu ya akiba bado imo ndani. Jeli ya kilomita ya tano inaingia tumboni kukujaza akiba ambayo haijapungua. Sikatazi glukosi, haikudhuru, lakini hela ya jeli kanunue matunda ya watoto. Wali au ugali wa usiku uliotangulia, na ndizi mbivu au mkate na chai saa mbili kabla ya kuanza, vinatosha kwa kilomita 10.

Asidi nayo imesingiziwa kwa miaka mingi. Laktati, ambayo watu huiita asidi ya laktiki, si takataka. Misuli huizalisha muda wote, hata sasa ulivyokaa unasoma, na moyo na misuli mingine huitumia kama mafuta. Maumivu ya siku mbili baada ya mbio hayatokani nayo kabisa. Ikishafika saa moja baada ya kumaliza, imeshaondoka. Yale maumivu ni michubuko midogo ndani ya nyuzi za misuli. Ila laktati ni kipimo kizuri cha jambo jingine. Fikiria sinki la jikoni lenye bomba wazi: maji yakiingia kwa kasi ambayo tundu la chini linaweza kuyaondoa, unaweza kuacha bomba likitiririka saa nzima. Fungua zaidi kidogo tu ya hapo, na sinki linaanza kujaa, na kufurika hakuepukiki. Kuna kasi moja katika kila mtu ambayo chini yake mambo yanakaa sawa na juu yake yanaanza kulimbikizana, ndani ya misuli na kwenye pumzi. Makocha huiita kizingiti. Kwa mtu aliyezoea mazoezi, ni karibu na kasi anayoweza kuishikilia kwa muda wa saa moja.

Saa moja, dada. Kilomita 10 kwako ni karibu saa moja. Bingwa anayemaliza kwa dakika 28 anakimbia juu ya kizingiti chake na anafika kabla hakijamfurikia. Wewe unakimbia pale pale kwenye kizingiti chenyewe, huna nafasi ya kucheza. Ukizidisha mwanzoni, deni lako utalilipa ukiwa bado barabarani.

Na umezidisha sana. Kilomita moja kwa 5:15 ni mwendo wa mtu anayemaliza 10 kwa 52:30. Kwa kilomita nne ulikuwa unakimbia mbio za mtu mwingine. Ulizipita kwa dakika 21, kisha kilomita sita zilizobaki zikakuchukua dakika 38 na sekunde 10, yaani zaidi ya 6:20 kila moja. Umeshuka kwa sekunde 66 kwa kilomita. Ili ujue ukubwa wa hiyo: Januari 2024 Mkenya Agnes Ngetich aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani kule Valencia, dakika 28 na sekunde 46, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 29. Naye alianza kwa kasi kubwa mno. Nusu ya kwanza 14:13, ya pili 14:33. Hiyo ndiyo iliyoitwa kuanza kwa pupa, na alishuka kwa sekunde nne tu kwa kilomita.

Najua kwenye klabu kuna mzee atakutajia Filbert Bayi, Christchurch, Februari 1974, aliyeongoza mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.16 huku John Walker wa New Zealand akimfukuza. Nami nampenda Bayi. Lakini zile ni mbio za dakika tatu na nusu. Joto halipati hata muda wa kukusanyika. Kama unataka Mtanzania wa kuiga kwa mbio za barabarani kwenye joto na unyevu, mtazame Alphonce Simbu kwenye marathoni ya mashindano ya dunia pale Tokyo, Septemba 2025. Alikaa ndani ya kundi karibu njia nzima, akaingia uwanjani akiwa nyuma, akamvuka Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari kwa sekunde 0.03. Saa 2:09:48 wote wawili, dhahabu kwa mmoja, na ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha.

Sehemu ngumu ya jibu langu ni hii ya mazoezi, kwa sababu nitakuomba upunguze kitu unachojivunia. Kila siku unashindana na jana. Maana yake kila siku unakimbia kwa mwendo wa katikati: mgumu kiasi cha kukuacha umechoka kesho, lakini mwepesi kiasi cha kutokukufundisha kitu kipya. Mwili wako uliijibu kazi hiyo mwaka wa kwanza. Sasa hauna cha kuijibu.

Toa siku moja, zibaki nne. Mbili kati ya hizo ziwe za polepole kweli, 6:45 hadi 7:15 kwa kilomita. Kipimo ni mdomo wako, siyo saa: uweze kumsimulia mwenzako ugomvi mzima wa kikoba bila kukata sentensi. Utaona aibu kupitwa na watu wa mtaani, vumilia. Mwendo huu ndio unaoongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli na vile vinu vidogo vya kuchoma mafuta, mitokondria. Moja ya siku hizo mbili, labda Jumapili, iwe ndefu. Anza na kilomita 8, ongeza moja kwa wiki mpaka 13. Mtu ambaye hajawahi kukimbia zaidi ya 6 mazoezini hana haki ya kushangaa kilomita ya sita ikimkatalia, na samahani kwa ukali.

Siku ya tatu ni ya kizingiti, na kwako hii ndiyo yenye faida kuliko zote. Pasha mwili kwa dakika 12 polepole, kisha kimbia dakika 8 mara tatu kwa mwendo wa 5:50 hadi 5:55, ukipumzika kwa dakika mbili za kukimbia taratibu katikati. Baada ya wiki chache ziwe dakika 12 mara mbili, kisha 15 mara mbili. Ukimaliza unapaswa kuhisi ungeweza kurudia moja zaidi. Ukimaliza umelala chini, umekosea. Na kwa sababu mko kwenye masika, siku ambayo hewa ni nzito achana na saa, fuata pumzi: uweze kusema maneno manne matano kwa mkupuo, basi.

Siku ya nne ni ya kasi. Mita 800 mara tano kwa dakika 4 na sekunde 20 kila moja, kupumzika dakika mbili na nusu. Wiki inayofuata badilisha, mita 400 mara nane kwa 2:05. Hapo ndipo miguu inapojifunza kwamba 5:30 si kasi ya ajabu. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na bodaboda, na mvua ikijaza madimbwi usilazimishe. Kifundo kilichoteguka kwenye shimo ambalo hukuliona kinakula wiki tatu. Kila wiki ya nne punguza kila kitu kwa theluthi. Siku kumi za mwisho punguza kilomita lakini usiache kasi kabisa, fanya vipande vichache vifupi tu. Mara mbili kwa wiki, pale ngazini nyumbani, inuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 15 kila upande, na uchuchumae mara 15, seti tatu. Viatu: raba za mtumba za Karume zinaweza kuwa nzuri sana au zimeshakufa soli ya ndani, bonyeza kwa kidole gumba, ikiwa sponji hairudi, waachie wengine.

Wiki ya saba jipime kwa kilomita 5, siku yenye hewa nzuri. Mhandisi Mmarekani Peter Riegel, ambaye pia alikuwa gwiji wa kupima njia za mbio, alitengeneza kanuni inayotumika mpaka leo: zidisha muda wa kilomita 5 kwa 2.085 upate wa 10. Ukipata 27:20, una 57 mwilini. Kwa 55 unahitaji 26:23. Kipimo hicho ndicho kitakachotuambia ukweli, siyo mimi wala hamu yako.

Tuseme umepata 27:20. Siku ya mbio, kilomita ya kwanza 5:52. Utahisi umesimama, na watu watakupita kwa mamia, waache. Ya pili hadi ya tano 5:45 kila moja, na katikati usome 28:52. Ya sita mpaka ya nane 5:42. Ya tisa 5:36, ya kumi toa kilichobaki, na 5:24 itakufikisha 56:58. Mbio za Juni zikipita barabara za ufukweni kuelekea kusini, kusi itakupiga usoni, basi jifiche nyuma ya kundi la watu wenye kasi yako na utoke pale njia inapogeuka kaskazini. Maji kunywa kwa kiu, mafunda mawili matatu. Kikombe cha pili mwagia kichwani na shingoni. Kunywa kupita kiasi kwa hofu ya kukaukiwa kuna hatari yake, chumvi ya damu hushuka.

Diklofenaki, hapana, na nakuomba umwambie hivyo aliyekushauri. Haikupi kasi. Inachofanya ni kuzuia kemikali zinazosaidia figo kupata damu ya kutosha wakati mwili umekaukiwa maji, na kwenye joto la Dar umekaukiwa. Inachubua tumbo. Na inakuficha maumivu ya mfupa unaoanza kupasuka, ambayo ndiyo maumivu pekee unayohitaji kuyasikia siku ile. Ukiona huwezi kuanza mbio bila kidonge, hiyo siyo siku yako ya mbio.

La mwisho umelitupia mwishoni kabisa, nami nalipatia uzito kuliko yote. Ndiyo, damu nyingi ya mwezi inahusika, tena inaweza kuwa nusu ya tatizo lako. Oksijeni hubebwa na chembe nyekundu, na chembe hizo hutengenezwa kwa madini ya chuma. Mwanamke anayepoteza damu nyingi kila mwezi, na juu yake anakimbia na kutoka jasho, anaweza kuwa na akiba ndogo ya chuma hata kabla wingi wa damu haujaonekana kushuka. Dalili zake ni hizohizo ulizoandika: pumzi kupanda mapema, miguu kuchoka kabla ya wakati. Kabla hujaanza hata siku moja ya programu hii, nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu, na kama inawezekana feritini, ambayo ndiyo akiba yenyewe. Mweleze daktari kuhusu hedhi ili atafute chanzo, kwa mfano uvimbe wa kizazi. Usijinunulie vidonge vya chuma dukani bila kipimo, maana chuma kikizidi nacho kinadhuru. Dagaa, maharage, mchicha na maini vinasaidia, ukivikamulia limau. Chai iondoe kwenye mlo, inywe saa moja baadaye, kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa.

Ukiwa huko uliza pia kipimo cha selimundu kama hujawahi kupima. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na wengi zaidi wetu tumebeba kinasaba kimoja bila kujua na tunaishi vizuri kabisa. Mwenye kinasaba kimoja anakimbia kama wengine, ila hapaswi kujilazimisha kupita kiasi kwenye joto, na akisikia misuli inaishiwa nguvu ghafla asimame.

Kuna dalili ambazo hazingojei kocha. Maumivu ya kifua ukiwa unakimbia, kuzimia au kutaka kuzimia, mapigo yanayokwenda bila mpangilio, au ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana: acha mazoezi, mwone daktari akupeleke kwenye vipimo vya moyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko hapo hapo Muhimbili. Maumivu ya mfupa wa muundi unayoweza kuyagusa kwa kidole kimoja, na yanauma hata ukitembea, yanahitaji mapumziko na picha. Mkimbiaji yeyote, wewe au mwenzako, akianza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka kwenye jua, msimpe maji ya kunywa kwanza. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji ya baridi mwili mzima bila kusita, na mmkimbize hospitali.

Kuhusu 55 sasa. Vipimo vya damu vikitoka vizuri na kilomita 5 zikakupa 27:20 au chini, kimbia Juni kwa 57. Ukikuta damu iko chini, kimbia Juni kwa raha zako bila kuangalia saa, tibiwa, na uhesabu miezi mitatu ndipo uanze upya. Mwendo wa 5:30 kwa kilomita kumi unahitaji kilomita 40 kwa wiki zilizokaa mwilini kwa miezi, na hizo hazilazimishwi kwa wiki kumi na mtu mwenye kazi na watoto wawili. Ukipita Septemba mpaka Machi bila kujipima na Julai, ukikusanya tu kilomita za polepole na vile vipande vya kizingiti, msimu wa kusi wa mwakani ndio ningekuandikia 55. Nitumie majibu ya damu na ule usomaji wa saa yako wa Julai, tuone tunaanzia wapi.